Chupa Mbili za Maji ya Boito

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Boito kwenye baridi. Goti linaendeleaje? Sisi tu wazima, mvua inatunyeshea kila alasiri, na mimi bado nashika spana kiwandani. Asante kwa dagaa zile za omena. Mke wangu Chebet amejifunza kuzipika, ila bado anazikata vichwa, nami simsemi.

Mama, turudi kwenye ile chai. Ulipotutembelea, alikupikia turungi, chai kavu, kwa sababu anajua maziwa yanakusumbua tumbo. Ikawa nyeusi kikombeni kama wino. Uliitazama, ukaisukuma kando, ukasema umeshiba. Kesho yake kwenye steji ya matatu ukaniambia, "Nyathina, mwanangu, uangalie kile unapewa kwa hiyo nyumba." Nilielewa unadhani natiliwa dawa. Chebet hakuhitaji kuambiwa. Tangu siku hiyo mgeni akija humpa soda. Hebu fikiria, nyumba imezungukwa na majani chai pande zote, na mgeni anapewa soda.

Basi wakaja watu wa chuo kikuu kupima kisima cha kambi yetu ya wafanyakazi wa chai. Binti mmoja alichota maji, meupe kabisa kwa macho, akatia chai ya rangi kidogo. Yakawa meusi mbele yetu.

"Hii maji iko na chuma imeyeyuka ndani," akasema. "Ikikutana na majani, inakuwa hivyo tu."

Chebet alikaa chini pale pale kwenye nyasi. "Kumbe si mimi," akasema.

Wametuwekea trei pana zenye vioo vilivyopakwa unga mweupe, maji yanapita juu yake polepole. Unga huo peke yake haufanyi kitu, mpaka jua liupige. Chuma cha huku kimeshikana na mabaki ya majani yaliyooza ardhini, ndiyo maana kuyaacha maji yapigwe upepo hakutoshi. Unga ukipata mwanga unayavunja yale mabaki, chuma kinajitenga kama kutu na kubaki kwenye mchanga wa kuchujia. Walihitaji fundi wa mabomba, wakanichukua mimi. Mwanzoni nilikuwa nafungulia maji nikitoka kazini, mawingu ya msitu wa Mau yameshafunika, na maji yakitoka vile vile yalivyoingia. Yule binti alinicheka sana. Sasa nafungulia asubuhi, maana jua la huku ni la kuwahi.

Maabara walipoyapitisha kuwa salama, Chebet alipika turungi. Ikatoka nyekundu, ile rangi uliyoizoea. Alilia, halafu akacheka, kisha akaninywesha sufuria nzima.

Namshukuru Mungu, na wewe nakushukuru zaidi ya ninavyoweza kuandika. Ulikuwa na neno zito kifuani na hukulipeleka kisimani wala kanisani. Kwa sababu hiyo mke wangu anaweza kuja nyumbani akiwa ameinua uso.

Anayekuletea barua hii amebeba majani chai na chupa mbili. Yenye kifuniko chekundu ni ya kisima. Pikia chai uone tu, usinywe. Yenye kifuniko cha buluu imepita kwenye vioo. Pika mwenyewe, kwa sufuria yako, Chebet akiwa mbali na jiko lako. Hilo ni wazo lake, si langu.

Na kuna habari nyingine. Utapata mjukuu. Nilimuuliza Chebet nani atamkorogea uji akijifungua, akakutaja wewe. Nikamuuliza kama ana hakika.

"Mimi sikuwa na shida na mama yako," akasema. "Shida ilikuwa maji."

Nisalimie baba mdogo anayetuchungia ng'ombe, dada yangu mkubwa aliyefunga zile omena, na jirani yako wa kwaya ambaye najua ndiye anakusomea barua hii. Mwambie asiruke mstari.

Njoo, Mama. Kile kikombe chako Chebet alikiosha akakiweka juu kabatini, na hajampa mtu mwingine.

Mwanao anayekupenda,
Ochieng