Baba Mkwe Anataka Nimtoe Damu, na Mimi Naogopa Sindano

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na naomba upesi, maana nina siku tano tu, na jambo lenyewe nikimwambia mume wangu atacheka kwanza ndipo anionee huruma, na mimi kwa sasa sina nguvu za kuchekwa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nilikuwa msusi kwa miaka kumi na minne, halafu nikajiunga na kozi ya wasaidizi wa kliniki, na darasani niling'ara, Shangazi, ule mkono wa plastiki wa kujifunzia kutoa damu nilikuwa naupata mshipa huku napiga soga, mpaka mwalimu akaniita Fundi. Kumbe mkono wa plastiki haukutazami machoni wala hausemi "taratibu, dada".

Tulipopelekwa kliniki kwa mafunzo ya vitendo, wagonjwa wawili wa kwanza niliwatoa damu vizuri, wa tatu akawa mwalimu mstaafu mwenye mishipa kama uzi, nikachoma nikakosa, nikachoma tena nikakosa, mkono ukavimba, naye hakunigombeza, alisema tu, "Mwanangu, labda nirudi kesho," na upole huo ndio ulionimaliza, nikaenda stoo kulia katikati ya maboksi ya glovu. Tangu siku hiyo nikishika sindano vidole vinakufa ganzi.

Ninaye mwenzangu wa mafunzo, tunamwita Dalali kwa sababu zamani alikuwa akiuza vitu mnadani, na huyu ana mkono mwepesi ajabu, mgonjwa anauliza "utachoma lini?" naye ameshamaliza, ila mdomo wake, Shangazi, anaita wagonjwa kama anapandisha bei ya kabati: "Wewe mwenye kofia! Njoo! Nani mwingine? Nani mwingine?" Kuna mama mmoja presha ilimpanda akiwa kwenye kiti. Basi tukapatana, mimi nampokea mgonjwa, namkalisha, namchekesha, namfunga mpira mkononi, namfuta spiriti, kisha Dalali anatoka nyuma ya pazia anachoma, na muuguzi msimamizi, ambaye ana vyumba vitatu vya kuangalia, akiingia anakuta mgonjwa anacheka na vichupa vimejaa, anatusainia wote wawili. Daftari langu la mazoezi linasema nimetoa damu watu ishirini na sita. Kwa mkono wangu ni wale wawili tu.

Sasa jana baba mkwe kaja kupima sukari, kaitangazia foleni nzima, "Leo natolewa damu na mkwe wangu!", kakunja shati, mshipa umesimama kama kamba, Dalali akajisogeza, mzee akamwambia, "Kijana, kaa pembeni, nimekuja kwa mwanangu." Nikasema vichupa vimekwisha. Boksi zima lilikuwa mezani, Shangazi, karibu na kiwiko changu. Akalitazama boksi, akanitazama mimi, akashusha mkono wa shati polepole, akasema, "Basi Jumatatu." Nyumbani hajamwambia mtu.

Nikisema ukweli tutafukuzwa wote zikiwa zimebaki wiki nne, na mke wa Dalali ni mjamzito, ananiambia, "Ukianguka, tunaanguka wote." Je, Jumatatu nijifanye mgonjwa? Au nifumbe macho nichome tu?

Fundi wa Mkono wa Plastiki

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi, barua uliileta ofisini kwa mkono wako na namba ya simu ukaandika, kwa hiyo sikungoja gazeti, nilikupigia mchana uleule. Niliyokuambia nayarudia hapa, maana wenzako ni wengi.

Pole. Kumuumiza mtu halafu asikukaripie ni mzigo, na hofu yako inaonyesha una utu. Pole imeisha hapo. Baada ya wiki nne ungepewa cheti na kupelekwa kliniki ambako Dalali hayupo. Ukiletewa mtoto anayechemka kwa homa, ungemwambia mama yake vichupa vimekwisha? Na Dalali akibaki peke yake na mgonjwa anayetetemeka, atampigia mnada? Mmedhani mnasaidiana, kumbe kila mmoja anamnyima mwenzake ufundi. Mficha maradhi humfika nini, wewe uko kliniki, sina haja ya kukuambia.

Kufumba macho nilikukataza kwa sauti ambayo jirani zangu waliisikia. Nikakuagiza: mwambie Dalali jioni hiyohiyo, asishtukizwe, kisha asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mwende kwa muuguzi na daftari mkononi.

Jumanne, mambo yote yakiwa yameshapita, uliponipigia ulikuwa unaongea kwa kasi mpaka nikakuomba uanze upya. Asubuhi ile mliyokwenda na daftari, muuguzi aliwasikiliza, akasema, "Kila siku naona miguu sita chini ya pazia, nikadhani mnamshikilia mgonjwa. Nimesaini bila kusimama nikaona. Hilo ni kosa langu." Mistari ishirini na minne ikapigwa kalamu nyekundu, chuo kikaarifiwa, mkaongezewa wiki sita. Hamkufukuzwa, lakini mahafali ya wenzenu mtakuwa watazamaji. Dalali amewekwa mapokezi kujifunza kusema "karibu, mama", na alikununia mpaka saa tisa. Kisha muuguzi akakunja mkono wa sare yake, akasema, "Nitoe mimi." Mshipa ukaupata mara ya kwanza.

Jumatatu ilipofika, kabla ya kumgusa mzee, ulimwambia, "Baba, vichupa havikuwa vimekwisha. Naogopa."

"Najua," akajibu. "Mimi mwenyewe sindano naiogopa tangu utotoni. Unadhani kwa nini niliitangazia foleni nzima? Ili nisitoroke."

Mkacheka waoga wawili, ukafunga mpira, muuguzi akiwa begani kwako. Ukachoma, damu ikaja. Mzee alifumba macho, wewe hukufumba. Hongera, mwanangu.

Sasa usibweteke. Siku moja nzuri haijaiondoa hofu, imeisukuma kando tu. Kila mgonjwa mwambie kwamba bado unajifunza, na anayekataa, mwache akatae, mwili ni wake. Mweke muuguzi pale anapouona mkono wako, usianze kabla hajafika. Ukikosa mara mbili, weka sindano chini, omba radhi, mwite mwingine, wala usijaribu mara ya tatu kwa ajili ya kulinda jina. Na usikae kwenye benchi asubuhi ukisubiri moyo utulie, kwa sababu hautatulia ukiwa umekaa. Kesho mlango ukifunguliwa, mgonjwa wa kwanza awe wako.