Ng'ombe wa Mahari Aliyepakwa Mafuta

Costancia, acha kupukuchua hayo mahindi usome.

Wakwe wa mjukuu wangu Naomi wameleta ng'ombe wa mahari kutoka Chanzuru. Anang'aa kama kiatu cha sikukuu. Nikampapasa. Mafuta ya alizeti, mwenzangu.

Ng'ombe mzima kapakwa mafuta.

Nilikuwa nimeshamwita Angela, daktari wa mifugo. Akamtoa damu kidogo sikioni, akaitia kwenye kimashine chake. Pilau haijaiva, jibu likatoka: ndigana, ule ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kupe wake wangewamaliza ng'ombe wangu wawili.

Donati, baba wa bwana harusi, hana aibu: "Mashine ya nini, mama? Mtazame anavyong'aa."

Nikamwambia, "Mrudishe ukamtibu. Akipona, Naomi utampata."

Kisha nikamwomba Angela asifunge mashine. Ampime na bwana harusi, naye anang'aa tangu asubuhi.