Makumbi ya Okidi ya Mama

Jumatatu, 3 Februari
Nimemwagilia saa nne. Saa saba mkaa nilioipandia umekauka kau. Okidi hii inataka unyevu kutwa, na chungu hakishiki hata tone. Makumbi ya zamani yalioza, nikayatupa.

Mama alipokuwa mgonjwa aligawa vitu vyake kwa mdomo wake. Da Zuhura, cherehani na bangili za dhahabu. Mimi, chungu cha ua. Da Zuhura alifundishwa kushona, kupika, kila kitu. Mimi nilitumwa maji tu. Leo natakiwa nijue maua!

Jumatano, 5 Februari
Muuza miche hapa Kerege kaniambia nitie udongo na samadi. Udongo! Mizizi ya okidi inataka hewa. Nimebishana naye juani mpaka kichwa kimeniuma.

Basi ni makumbi ya nazi. Yanafyonza maji na hewa inapita. Mama hakutumia kingine.

Alhamisi, 6 Februari
Da Zuhura kapiga simu kutoka Dunda. Hali yangu hakuuliza, kauliza ua. Eti likinishinda nimpe kabla halijafa. Anakuja Jumapili ya tarehe 23 kuliona. Kunikagua, aseme tu.

Ijumaa, 7 Februari
Bi Salma, jirani yangu msuka kamba, kanipa makumbi kikapu kizima. Laini, yameshapondwa. Nimepanda. Yanashika maji vizuri mno. Da Zuhura atanyamaza.

Jumatano, 19 Februari
Ncha za majani nyeusi. Jani moja limedondoka. Ukingoni mwa chungu pana ukoko mweupe. Nimeongeza maji. Sina raha.

Alhamisi, 20 Februari
Bi Salma kapita, kaona, kacheka.

"Mwanangu, hayo si ya kamba? Yamefukiwa pwani miezi. Chumvi tupu!"

Mtu wa Bagamoyo mimi. Nimekua nikiona makumbi yakifukiwa kwenye tope la bahari, na sikufikiri. Mjinga wa mwisho. Nimeling'oa ua, nimeosha mizizi kwa maji ya bomba, nimeiviringisha kwenye kanga mbichi. Nimekaa chini nikalia kwa hasira.

Ijumaa, 21 Februari
Nimeyaloweka makumbi kwenye beseni. Nilipoinama kumwaga maji, mgongo ukakumbuka kabla yangu. Utotoni, kila asubuhi kabla ya chuo cha Kurani: mwaga, jaza. Da Zuhura bado kalala. Mama anatia kidole kwenye beseni, anaonja, anasema "bado". Nami namwaga tena, wiki nzima, nikimchukia. Nilidhani ananikomoa.

Angeniambia tu. Neno moja. Miaka arobaini nimebeba kinyongo cha beseni.

Jumapili, 23 Februari
Da Zuhura kaja. Nilimwamkia, kaitikia huku macho yakiwa kwenye kanga. Majani mawili yamebaki. Kasema alijua litanishinda, kisha kanyoosha mkono apewe.

Nikamuuliza Mama alikuwa akionja nini kwenye beseni la makumbi. Kanitazama. Beseni gani? Hajui. Hajawahi kutumwa.

Sikumpa. Kanywa chai, kaondoka na kununa kwake.

Jumatatu, 24 Februari
Mzizi mmoja una ncha ya kijani. Nimemwaga maji, nimejaza mengine, nimengoja kidogo, nimeonja.

Bado.