Kapteni Kaniweka Mbele

Jumatatu, 3 Juni

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tumeondoka saa nne. Kaka alikuwa anafunga mizigo, anafungua, anafunga tena. Kila kamba lazima aipapase. Ana miaka hamsini na minane, pikipiki kazipanda tangu hajaota ndevu, na leo begi moja linamshinda.

Safari yenyewe tumeingoja miaka kumi na minane! Kwanza ilikuwa harusi yangu, kisha watoto wake, kisha mgongo wangu, kisha msiba wa mama. Sasa tuko njiani: pikipiki mbili, kilomita elfu moja na mia mbili, mpaka mwisho wa barabara aliyoilima baba kwa greda kabla mimi sijazaliwa. Marehemu alitusimulia mpaka tukachoka. Barabara inafika uwandani, kuna nguzo ya chuma, basi, hakuna tena barabara. Hiyo nguzo hatujawahi kuiona hata siku moja.

Shemeji, mke wa kaka, alinivuta kando tulipokuwa tunaaga. Huyu mwanamke hawezi kumaliza sentensi bila utani. Leo hakutania. Kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili: "Shemeji, nirudishie mzima." Nikamwambia huyo ni Kapteni, yeye ndiye wa kunirudisha mimi. Hakucheka.

Jina la Kapteni ni la tangu shule, timu ya mpira. Timu ilishakufa, ukapteni haujafa. Nani akae wapi harusini, nani abebe jeneza, ukuta upakwe rangi gani – yote kwake.

Halafu leo, kioja: kaniambia nitangulie. Tangu nizaliwe sijawahi kumtangulia huyu mtu hata kwenye foleni ya bafuni. Nimevimba kichwa kidogo, nakiri.

Kilomita 140 tu. Aibu.

Jumanne, 4 Juni

Kichwa kimenywea. Ananifuata karibu mno! Nikipunguza mwendo, yuko juu ya tairi langu. Nikikimbia, tukisimama nahutubiwa. Nimemwambia kaka, acha nafasi, nikishika breki ghafla tutaokotwa wote wawili. Kasema yeye ndiye aliyenifundisha breki. Kweli ndiye. Sasa mtu unajibu nini?

Kwenye kituo cha mafuta kaninunulia reflekta, kile kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa. Lazima nivae. Kila mwenye pikipiki barabara hii anavaa hicho hicho, nimekuwa kama wao wote. Na joto lake! Chini ya reflekta jaketi, chini ya jaketi jasho. Yeye mwenyewe? Havai.

Mwenye bucha, mteja wangu wa ufundi wa friji, kapiga simu. Friza lake linanguruma. Nimemwambia fundi wake yuko likizo. Kauliza likizo inaisha saa ngapi.

Jumatano, 5 Juni

Pancha, tairi langu la nyuma. Nimehangaika nalo nusu saa sijaona tundu liko wapi. Kapteni kaupitisha mpira shavuni, kausikiliza, kaweka kidole: hapa. Kaziba bila hata kuinamisha kichwa, huku ananisimulia jinsi nilivyokuwa mzito wa kuelewa utotoni. Kufundishwa si neno. Lakini kufundishwa na kusimangwa kwa pamoja!

Alhamisi, 6 Juni

Nusu siku imepotea kwa sababu ya balbu. Balbu! Taa yangu ya nyuma iliungua jana. Mchana kweupe, jua la kuchoma utosi, nani ana haja na taa? Kapteni kagoma. Kakaa juu ya ndoo mbele ya gereji, kakunja mikono, hatuondoki. Balbu ya aina yangu hapa haipo, imebidi iletwe na basi kutoka mji wa pili. Nimemuuliza kwani tunakwenda mwisho wa barabara au tunakwenda kununua balbu. Kasema, "Mdogo wangu, hiyo taa mimi naihitaji." Basi. Zamani angenipa hotuba, ningejua pa kubishia.

Nimekasirika mpaka nimekwenda kutengeneza friji ya mama muuza soda jirani na gereji, bila kuombwa, ili nisije nikamtukana mkubwa wangu.

Ijumaa, 7 Juni

Mvua. Kilomita 90. Kapteni kamwaga chai mara mbili, vikombe viwili, meza moja. Analaumu meza. Mwenye gesti kamnyooshea mkono wa salamu, kaka kaupita kama haupo, nikaukamata mimi nikiwa nachekacheka kama mjinga. Kiburi kinazidi na umri. Kabla ya kulala anajidondoshea dawa machoni, eti vumbi. Vumbi gani na mvua yote hii?

Naacha hapa. Nikiendelea nitaandika maneno ya kujutia.

Jumapili, 9 Juni

Leo nilimpoteza. Niandike polepole.

Mji mkubwa kiasi, siku ya soko, njia panda imejaa pikipiki na mikokoteni. Nilikata kulia. Kutazama kioo – hayupo. Nikangoja dakika kumi. Ishirini. Nikarudi njia panda. Simu inaita, haipokelewi. Nimeuliza polisi wa barabarani, nimeuliza muuza vocha, nimeuliza kila aliyesimama: mmemwona mzee mrefu, pikipiki nyekundu? Mmoja kasema kaenda kushoto. Mwingine kasema wazee warefu wako wengi. Saa ya kwanza nilimtukana kimoyomoyo. Saa ya pili nikaanza kuchungulia mitaroni. Shemeji nitamwambia nini? Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani, nitamwambia nini.

Saa nane simu ikalia. Namba ya kaka, sauti si ya kaka. Nikakaa palepale kwenye lami.

"Samahani ndugu," ile sauti ikasema, "huyu mzee ni wako? Ameniingia mpaka uani."

Ni muuza gesi. Anapeleka mitungi kwa wateja kwa pikipiki, na anavaa reflekta ya chungwa. Kapteni kamfuata kuanzia njia panda, kilomita thelathini na mbili! Muuza gesi akisimama kushusha mtungi, naye anasimama. Akiondoka, anaondoka. Jamaa kaona huyu ni mwizi, kakimbiza pikipiki. Mzee naye kakimbiza. Mpaka nyumbani kwa watu, mpaka uani, kati ya kamba za nguo. Kapteni kashuka, kavua helmeti, kampiga jamaa begani na kumpongeza: leo umekwenda vizuri, mdogo wangu.

Nilicheka njia nzima nikienda kumchukua. Nilishaanza kupanga nitakavyowasimulia nyumbani, nani nimwige kwanza. Nimefika, kaka kakaa kwenye kigoda uani, chai mkononi. Nikanyata nikasimama ubavuni kwake, hatua mbili, ili nimshtue. Hakugeuka. Nikapunga mkono. Hakugeuka. Mke wa muuza gesi alikuwa anaanika nguo, akaacha. Akanitazama mimi, akamtazama yeye.

Nikamuuliza, "Kaka, unaniona?"

Akageuza kichwa chote, taratibu, mpaka akanipata. "Nikikutazama," akasema.

Presha ya macho. Anaona katikati tu, kama anachungulia kwenye bomba, na hiyo katikati nayo ina ukungu. Pembeni hakuna kitu, kushoto wala kulia. Kitu cha rangi kali kikiwa mbele yake anaweza kukifuata. Kumbe sikupewa uongozi. Nilipewa kazi ya fimbo ya kipofu.

Jumatatu, 10 Juni

Tumelala kwa muuza gesi. Watu wema kupita kiasi, hata hilo nimeshindwa kulifurahia.

Shemeji alijua! Nimempigia asubuhi nikiwa nimefura. Daktari alimkataza kuendesha chochote tangu mwezi wa kumi na moja. Shemeji kalia. Kasema kama angemzuia, kaka angetoroka peke yake, "na mimi nikajua wewe utakuwa mbele yake." Mbona hukuniambia? Alikula kiapo asiseme. Nimekata simu. Nimepiga tena kuomba radhi. Nimemaliza kuomba radhi nikakasirika upya.

Kisha Kapteni mwenyewe. Nimemwambia ungeweza kufa. Kabetua midomo. Nimemwambia ungeweza kumgonga mtoto wa mtu anavuka barabara. Hapo kainama. Nimemwambia tunarudi kwa basi. Kasema nirudi mimi. Basi nikachukua ufunguo wa pikipiki yake mezani, mbele ya macho yake, nikautia kwenye soksi. Miaka hamsini na moja namwita kaka, leo nimemnyang'anya ufunguo kama mtoto mtundu. Hakupigana. Alianza kupapasa mfuko wa jaketi, mfuko wa suruali, tena wa jaketi, na alikuwa ameniona kabisa nikiuchukua. Nilitoka nje nikalia nyuma ya mitungi ya gesi.

Tumekubaliana hivi: pikipiki yake inabaki hapa chini ya turubai, yeye anapanda nyuma yangu, tunamalizia hizo kilomita mia tatu. Kwa nini nimekubali sijui. Daktari kamwambia mwakani hata ukimsimamisha mbele ya hiyo nguzo ataishika kwa mkono tu. Labda ndiyo sababu. Shemeji sijampigia kumwambia.

Jumanne, 11 Juni

Sijawahi kubeba abiria mbaya kama huyu! Kwenye kona nikiinama kulia, yeye anainama kushoto. Helmeti zinagongana kila nikishika breki. Ananipangia gia kwa kusikiliza injini. Teremsha. Sasa tatu. Mbona unaichosha? Na yuko sahihi kila mara, ndiyo maana nataka kumshusha njiani.

Na maswali. Kushoto pana nini? Miti. Miti gani? Miti tu, kaka, mimi fundi wa friji. Kanuna kilomita nzima. Nikaona isiwe tabu, nikaanza: kuna wanawake wawili wanasukuma baiskeli, cheni imekatika, mmoja kaishika mkononi na analaumu mwenzake. Kuna nyumba imepakwa rangi nusu. Kuna bwawa, maji ya kahawia, bata wanne, hapana, watano. Nimesema mpaka koo limekauka. Nikinyamaza ananigonga mbavuni.

Mwenye bucha kapiga tulipokuwa tunapumzika. Nikampa Kapteni simu. Hajui lolote kuhusu kompresa, lakini kampa maagizo kwa ile sauti yake, zima, subiri robo saa, safisha nyuma, washa. Mwenye bucha kapiga tena: limenyamaza! Siku zote nane angenisikiliza mimi yangeisha.

Jioni kaka kaniuliza kama nimechoka. Hajawahi kuniuliza. Nimemjibu vibaya, na sasa naona aibu, na yeye keshalala.

Jumatano, 12 Juni

Saa tatu asubuhi. Lami imeisha. Ni uwanda mtupu, hakuna nyumba, hakuna mifugo, hakuna kona. Mlinzi wa kizuizi cha mwisho katuambia zimebaki kilomita kumi na moja, zimenyooka moja kwa moja, na tangu jana limepita lori moja tu na limesharudi. Hii sasa ndiyo barabara ya baba. Udongo umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Kaka kashuka, kachuchumaa, kaugusa kwa kiganja muda mrefu.

Nimekwenda nyuma ya kichaka kidogo, haja ya kawaida. Kurudi, Kapteni kakaa kiti cha mbele. Pikipiki yangu! Mikono kwenye usukani, ufunguo umo, niliuacha mimi mwenyewe mpumbavu.

Kasema hizi za mwisho ataendesha yeye. Nimesema hapana. Kasema mwendo wa ishirini, mimi nikae nyuma nimwambie kulia, kushoto, simama. Nimesema hapana. Nimemtajia shemeji, nimemtajia daktari, nimemtajia shimo, jiwe, mbuzi asiyetarajiwa. Hakubishana. Tangu lini Kapteni habishani? Hilo ndilo limenimaliza kabisa.

Kasema kwa sauti ya chini, hata kichwa hakugeuza, "Nilipokufundisha nilikaa nyuma yako. Ulikuwa hujui kitu. Na sikushuka."

Nimekuja kukaa kwenye jiwe hili, hatua thelathini, nimempa mgongo. Naandika ili nisimsikilize. Hapana ni hapana. Nimepewa mtu mzima, nimrudishe mzima, kwisha. Dunia nzima iko wazi mbele yake, hata mtu mwenye macho mawili mazuri hana cha kugonga hapa – lakini hapana.

Kawasha injini. Haondoki. Angetaka angeondoka, hakuna wa kumzuia, njia imenyooka. Haondoki. Kajisogeza mbele kabisa, karibu akalie tenki, kiti cha nyuma kaniachia chote.

Sasa anapiga honi. Mtu mzima, ana wajukuu!

Tena.

Nimemjibu hapana, mara ya nne hii, kwa sauti kubwa, na sauti yangu imenirudia masikioni kwa mwangwi, kama niko ndani ya mtungi. Nimevaa helmeti. Sikumbuki nimeivaa saa ngapi.