Wote Wamo Pichani, Mimi Simo

Dodoma, msimu wa upepo

Kwa dada yangu Tulinagwe,

Shikamoo dada. Ugonile? Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na mguu wa mama uwe umepungua kuvimba. Mwili wangu hauna tatizo, ila roho inanichemka, na kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea, itabidi unisikilize. Huku vumbi tunalila pamoja na ugali. Nikikumbuka Tukuyu, mvua inavyogonga migomba, natamani kupanda basi la kesho.

Dada, nina wivu. Nasema wazi ili usihangaike kukisia.

Unajua hapa ofisini mimi ndiye niliyekuwa nikichora kwa rangi za maji sura ya jengo kabla halijajengwa, ili mwenye mali aone atapata nini. Mgeni akiingia, bosi aliniita kwanza mimi, Ambakisye. Basi, siku hizi kila kitu ni biashara huria na kampuni binafsi zinagombania kazi, kwa hiyo bosi akanunua kompyuta, na nyuma ya kompyuta akaja Sechelela. Ni Mgogo wa Haneti, binti mrefu asiye na haraka, amesomea mambo haya Dar es Salaam. Analijenga jengo zima ndani ya kompyuta, kisha mashine inatengeneza picha moja moja, nyingi mno, na zikiunganishwa unajiona unatembea ndani ya nyumba ambayo hata msingi haujachimbwa. Wenyewe tunaita kurenda. Mashine inaweza kurenda wiki nzima. Chumba chake ndicho pekee chenye kiyoyozi, eti mashine isipate joto! Mimi ninayelowa jasho hakuna anayenihurumia.

Kazi yenyewe ilikuwa shule ya bweni ya wasichana itakayojengwa Kongwa. Bosi alitutangazia kwamba ofisi haiwezi kubeba watu wawili wa picha. Wazazi wakishaonyeshwa shule yao, mmoja wetu atabaki na picha na mwingine ataenda meza ya kunakili ramani. Tangu siku hiyo chakula kilinishinda.

Sasa sikia alivyonifanyia. Ile programu ilikuja na watu wake wa kuweka pichani, lakini wote Wazungu wenye makoti mazito. Bosi akacheka, "Hawa tukiwapeleka Kongwa watakufa na jua." Sechelela akaazima kamera, akasema atawapiga picha watu wetu, awakate kutoka kwenye picha hizo, awapachike humo. Nikavaa lile shati jeupe ulilonishonea, nikalipiga pasi, nikanyoa ndevu. Akampiga mlinzi. Akampiga mama Chiku anayetuuzia maandazi. Akampiga dereva, akampiga bosi, akapiga hata wafugaji wawili waliokuwa wanajipitia na mbuzi wao barabarani. Nikajipitisha mbele yake, nikakohoa. Wapi!

"Mbukwa, kaka Amba," akanisalimia kwa Kigogo chao. "Wewe nina shida na wewe kesho."

Kesho yake nikavaa shati lilelile. Akanisimamisha ukutani, akapima kwa futi kutoka sakafuni hadi machoni. Kisha akaniambia nitembee kwenye korido kama ninavyotembea siku zote, nisimwangalie. Nikatembea, nikarudi, nikatembea tena, yeye anaandika tu.

"Na picha?" nikamuuliza.

"Aa, wewe picha yako siihitaji," akajibu, akarudi kwenye kiyoyozi chake.

Dada, niliumia. Mbuzi wamo, mimi simo! Juzijuzi umeme ulikatika yeye akiwa msibani kwao, mashine katikati ya kurenda, na betri yake ya akiba haidumu. Hakuna mwingine aliyekumbuka. Ningemalizia chai yangu, kazi yake ingeharibika, nami ningebaki na nafasi. Nikajikuta nakimbilia jenereta. Nilipoiwasha nikasimama pale najitukana.

Jumamosi tukaenda Kongwa na televisheni na deki. Ukumbi wa kanisa ulijaa wazazi. Mkanda ukaanza, tukaingia getini, tukapita madarasani. Watu wakashangilia kumwona mama Chiku amekaa kivulini na ndoo yake. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nimenuna, nimevaa shati la mtumba lililopauka, maana la kupendeza lilikuwa halijanisaidia kitu.

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Samahani mwanangu. Huyu anayetutembeza, ambaye hatumwoni, ni nani? Mbona kila akifika dirishani anasimama, anaangalia juu?"

Sechelela akasema, "Ni kaka Ambakisye, yule pale nyuma. Kwao mvua haikatiki. Hawezi kupita dirisha bila kuangalia kama kuna wingu. Namwona hivyo tangu nimefika. Hii shule mnaiona kwa macho yake."

Ukumbi mzima ukageuka. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Kazi kapewa yeye. Jumatatu nimeanza kunakili ramani, na mlango wa chumba cha kiyoyozi uko mbele yangu kutwa nzima. Wivu haujaisha, dada. Umezidi, kwa sababu sasa hata kumchukia nashindwa.

Msalimie sana mama, mwambie dawa ya mguu naituma na kondakta wa basi. Msalimie shemeji na baiskeli zake anazotengeneza, na mama mdogo wa kwenye mashamba ya chai. Mpwa wangu Lusajo mwambie asome.

Lakini wewe nijibu jambo moja. Ni kweli mimi husimama madirishani? Tangu utotoni? Kama ni kweli, mbona nyumba nzima hamkuniambia, mpaka nije kuonwa na yeye?

Mdogo wako asiye na raha,
Ambakisye