Pikipiki Yangu Mbele ya Mkaguzi

Jumatatu, 9 Juni
Mateke kumi na manne, hakuna kitu. La kumi na tano imewaka. Kutoka Wamaza mpaka Kasongo siku nzima, vumbi hadi kwenye meno. Nalala kwa mdogo wangu.

Pikipiki ina miaka kumi na minane. Mwaka huu ofisi yetu ya afya imekaza uzi: isipopata karatasi ya ukaguzi kufikia Ijumaa, haitoki tena. Mimi ndiye mwuguzi wa chanjo. Nikienda kwa miguu barafu ya kupoza chanjo inayeyuka kabla ya kijiji cha pili, na vijiji viko vinane. Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumanne, 10 Juni
Mafundi wawili wameitazama na kucheka. Wa tatu amenielekeza kwa Mama Riziki, nyuma ya wauza mbao. Fundi mwanamke. Nimekwenda shingo upande.

Alikuja kutoka Kivu kufuata dhahabu, akaishia kutengeneza pampu za wachimbaji kule Lusangi. Sasa ni pikipiki. Ukutani spana zimepangwa kwa ukubwa, na pembeni yake kioo kidogo chenye ua jekundu lililochorwa ukingoni. Kwanza anajitazama, anafunga kitambaa cha kichwa vizuri, ndipo anashika kazi.

Hakuniuliza chochote. Ameweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho. Nina stetoskopu shingoni miaka ishirini na sijawahi kumsikiliza mgonjwa namna ile.

"Docta, hii piki haiko mugonjwa," amesema. "Iko na mwenyewe muvivu."

Mnyororo mkavu. Spoki saba zimelegea. Breki ya nyuma imekwisha. Yote kweli, na ndiyo sababu nimekasirika.

Jumatano, 11 Juni
Nimekaa kwake kutwa. Sikupanga, nimeshindwa kuondoka.

Anagonga spoki moja kwa spana, anasikiliza, anakaza, anagonga tena. Mpaka zote zimetoa sauti moja. Gasketi ya kuziba injini isivuje ameikata kwenye jalada la daftari, akailoweka kwenye oili. Haharakishi. Hasemi ovyo. Ningekuwa na wauguzi wawili kama yeye ningelala usingizi.

Jioni, breki. Amefunga bakuli la maji nyuma ya kiti, nusu, kuona kama breki inashika bila kushtua, akapanda mwenyewe. Mtelemko, mbio, breki. Bakuli limebaki tupu. Amefungua gurudumu upya, bila kununa. Mara ya pili yamemwagika robo. Mara ya tatu, kiti kimelowa kidogo tu. Wauza mbao wamepiga makofi. Mimi nimepiga zaidi yao.

Kimebaki kioo cha pembeni. Vyangu vyote viwili vilivunjikia njiani zamani, na sokoni hakuna cha kuingia pale. Mkaguzi anadai angalau kimoja, cha kushoto.

"Ungoje Ijumaa, nitakufanyia," amesema.

Alhamisi, 12 Juni
Sikungoja. Mimi mjinga.

Kwenye uwanja wa ukaguzi, waendesha taksi za pikipiki wana desturi yao: kioo kimoja kwa wote. Kinafungwa, pikipiki inaingia, inatoka, kinafunguliwa na kwenda kwa mwingine. Kila mtu anajua. Nimekiomba nami.

Mkaguzi amejaribu breki, akarudia, akauliza ni mkono wa nani. Nimejaa sifa zisizo zangu. Kisha ameinama kwenye kioo, kina ufa kwenye pembe.

"Hii retro nimeisha kuiona leo mara tatu," amesema. "Inatembea kuliko weye."

Uwanja mzima umecheka. Nirudi kesho, siku ya mwisho. Jina langu ameliwekea alama.

Nimemweleza Mama Riziki. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

Ijumaa, 13 Juni
Saa mbili asubuhi kioo kiko tayari kwenye pikipiki. Fremu ya bati la kopo la maziwa, ukingo umezungushiwa mpira wa tairi ya ndani. Hakitikisiki hata injini ikiunguruma.

Mkaguzi amekaa kwenye kiti changu, akatazama nyuma muda mrefu. Amekivuta. Hakikung'oka. Amesaini.

Nimerudi mbio kumwambia. Alikuwa anatoka kwenda kusali.

"Docta, kitambaa iko sawa?"

Kilikuwa kimekwenda upande. Nimemwambia, amekipapasa kwa vidole, kikaenda upande mwingine. Nimecheka: fundi anayeona mnyororo ukilegea kama unene wa ukucha, kitambaa chake hakioni! Naye amecheka.

Jumatatu, 16 Juni
Kijiji cha tatu, barafu bado ngumu. Pikipiki imewaka kwa teke moja. Moja!

Nikiwangoja akina mama nimefuta vumbi kwenye kioo. Pembeni, chini ya mpira, kuna kitu chekundu. Nimeuvuta mpira kidogo. Nusu ya ua, lile la kioo cha ukutani kwake.

Nimekaa chini. Kitambaa kilichokwenda upande. Na mimi nikacheka mbele yake. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu utoto, na nimempenda kama dada yangu wa tumbo moja.

Alhamisi, 26 Juni
Kasongo, kuchukua chanjo. Nimempelekea Mama Riziki kioo kipya, nimekisafirisha ndani ya koti la kazi kisipate ufa. Ameshukuru. Amekitundika kwenye msumari uleule, akakitazama kidogo.

Halafu ametoka nje, ameinama kwenye kioo cha pikipiki yangu, amefungua kitambaa na kuanza kukifunga upya, polepole.

Nimeshika usukani usitikisike.