Weupe Tuliodhani Wagonjwa

Baba Emanueli,

Nimeketi kwenye kiti chako, upande unaotazama kichuguu. Bado kipo. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua ungeuliza.

Unakumbuka beseni lako la mchwa, ulipokuwa bado unafundisha kilimo hapa Buger? Uliwatoa askari wote, ukawaacha vibarua na wachanga, uone nani atalinda. Baada ya siku kadhaa wakatokea weupe, laini, vichwa vikubwa, wasiofanya kazi yoyote. Ukasema, "Hawa wanaumwa," ukawatupia kuku. Mimi ndiye niliyesoma kitabuni mwako kwamba hawakuwa wagonjwa. Askari waliopo huwazuia wengine kuwa askari. Wakiondoka, homoni ya uchanga hupanda mwilini mwa mchwa mdogo ambaye angekuwa kibarua tu. Hujivua ngozi, hupita hali ile nyeupe, hujivua tena, anatoka na taya. Na katika vichuguu vyetu askari wote ni majike. Ulicheka wiki nzima, ukawa unaniita mwalimu mkuu.

Ulipofariki nilinyamaza. Miaka yote mikutanoni ulisema wewe. Mimi nilipika chai. Watoto wakanong'ona jikoni, "Mama anaumwa." Kweli nilikuwa sili.

Siku ya arobaini Emanueli akasimama mbele ya ukoo. Alitaka nihamie kwake Arusha, shamba apewe mtu, kichuguu kivunjwe udongo ufyatuliwe matofali. "Mama, kule maji yako ndani ya nyumba. Hapa nani atakulisha?"

Nikasimama.

"Nilihamishwa kutoka kule juu Ngorongoro nikiwa msichana, nimekalia magunia kwenye lori. Nikahamishwa tena wewe ukiwa mgongoni. Sihamishwi mara ya tatu na mtoto niliyemnyonyesha."

Kisha mdogo wako akasema, "Kumbe shemeji ana meno." Watu wakacheka, hata Emanueli, ingawa macho yake yalikuwa mekundu.

Lakini swali lake, nani atanilisha, lilikuwa la haki. Ndoo siiwezi tena. Mama Regina wa jirani huniletea maji asubuhi, na maziwa ng'ombe wake akikubali. Sioni aibu. Askari wa mchwa hajilishi. Taya zake ni kubwa mno kwa kazi hiyo. Wenzake humlisha mdomoni, naye husimama mlangoni.

Laiti ungenisikia. Ila ungekuwepo, nisingesema neno. Hilo ndilo linaloniuma, nami silifuti.

Lala, mwalimu. Wafyatua matofali wakija na majembe yao watanikuta kitini. Nitatoka hapa siku moja, nimebebwa, na safari yenyewe ni fupi: hatua ishirini, mpaka ulipo.

Mkeo,
Mama Emanueli